Nusu Karne ya Kimathi na Hoja ya Kocha

Desemba 2022 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiliadhimisha mambo mawili kwa pamoja. Ilikuwa miaka 50 tangu watu wa Nyeri wachange kuanzisha Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, mwaka 1972, na miaka 10 tangu Rais Mwai Kibaki akipe chuo hati ya chuo kikuu kamili, tarehe 14 Desemba 2012. Kibaki hakujaliwa kuiona siku hiyo. Tulimzika kwao Othaya mwezi Aprili mwaka huo, na haingeshangaza jina lake kusikika katika kila hotuba.

Gazeti hili linakipa chuo pongezi zake kwa moyo mkunjufu. Wahandisi waliotoka pale, kahawa inayolimwa kwenye shamba la chuo kando ya barabara ya Mweiga, hifadhi ya wanyamapori iliyo ndani ya ardhi yake: hayo yote husemwa vizuri na wenye majoho na kofia za mahafali. Sisi tumeamua kuutumia ukurasa wetu kwa jambo ambalo halimo katika ratiba za sherehe, nalo ni mabishano ya mashabiki kuhusu timu za mpira wa vikapu za wasichana wa vyuo vya Mlima Kenya, na hasa kuhusu makocha wao. Anayeona jambo hili ni dogo mno kwa jubilei hajawahi kusimama kando ya uwanja Jumamosi ya mechi.

Tuanze na jinsi taasisi yenyewe ilivyozaliwa, kwa sababu mabishano yana mizizi humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ilishikwa na homa ya vyuo vya ufundi vya harambee, kuanzia Kakamega hadi Kiambu. Nyeri nayo ilichanga. Ilipofika zamu ya jina, ikachagua la Dedan Kimathi, mwana wa Tetu aliyesomea Tumutumu, akaongoza wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya mkoloni, akakamatwa ukingoni mwa msitu Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Leo jina hilo linavaliwa kwenye fulana. Mwaka 1972 halikuwa jepesi kiasi hicho. Sheria ya mkoloni iliyowapiga marufuku Mau Mau ilikuwa bado hai katika Kenya huru, na iliendelea kuwa hai hadi Kibaki alipoiondoa mwaka 2003. Sanamu ya Kimathi katikati ya Nairobi ilingoja hadi 2007. Maana yake ni kwamba wakulima wa Nyeri waliliandika jina la Kimathi langoni mwa chuo miaka 35 kabla Serikali haijamchonga.

Chuo kilichoanza hivyo hakina mashabiki tu, kina wenyehisa. Bibi aliyetoa shilingi zake za majani chai wakati ule, leo mjukuu wake akivaa jezi, haoni kwa nini aombe ruhusa kuuliza sababu ya nambari 8 kukaa benchi robo nzima. Ndiyo maana kelele za pembeni mwa viwanja vyetu zina uzito usio wa kawaida. Haki ya kumkosoa kocha watu hawa waliilipia zamani, wengine kwa mbuzi.

Tena siku hizi wako wa kubishana nao. Kimathi ilipopata hati yake ilifuatwa upesi na wenzake. Chuka na Karatina zilipata hati mwanzoni mwa 2013, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru mwaka huohuo, kisha Kirinyaga, Embu na Murang'a zikapata zao mwaka 2016. Katika muda usiozidi miaka minne Mlima ulizungukwa na vyuo vikuu saba vya umma. Basi la chuo likitoka Nyeri asubuhi, likapita Karatina, Kutus na Embu, likapanda na kushuka kona za Chuka hadi Meru, limepitia karibu ligi nzima bila kuvuka Tana kuelekea nyanda za chini. Waliotunga ramani ya elimu ya juu huenda hawakufikiria michezo hata kidogo, ila wametuachia kitu ambacho wapenzi wa vikapu duniani wangekililia: timu zilizo karibu kiasi cha kuchukiana vizuri.

Na zinachukiana vizuri. Mashabiki wa Karatina hawasahau kipigo, wa Chuka huja na ngoma, na wa Nyeri, tuseme ukweli, hujiona wamezaliwa na haki ya kushinda. Msichana wa Nyeri akicheza ugenini hulakiwa kwa ule mzaha wa nchi nzima kwamba wanawake wa Nyeri huwapiga waume zao. Ataurushiwa akiwa kwenye mstari wa mtupo huru, mpira mkononi, uwanja kimya. Wapo wanaokosa mtupo kwa kucheka, na wapo wanaoutia kikapuni kisha wakamtazama aliyesema. Sisi tunawapenda hao wa pili, ingawa mzaha wenyewe umechakaa na ungestahili kustaafishwa.

Sasa twende kwenye hoja. Shabiki wa vikapu wa Mlimani ana nadharia, na ya kwanza ni ya hewa. Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo, anasema, wasichana wetu wana mapafu ya mlimani, wanafaa kubana uwanja mzima kuanzia dakika ya kwanza hadi ya 40, na kocha anayewarudisha nyuma kulinda kikanda karibu na kikapu anatupa mali. Ni nadharia tamu. Kasoro yake ni kwamba Nairobi nayo iko juu ya mita 1,600, Nanyuki iko juu kuliko Nyeri, na wapinzani wetu wa karibu wote wanavuta hewa ileile. Ingefaa kama kila wiki tungecheza na timu ya bandari kule Makande, Mombasa.

Nadharia ya pili ina akili zaidi. Shahada ya uhandisi nchini huchukua miaka mitano, ya biashara minne. Basi shabiki mwerevu humuuliza mchezaji mpya si urefu wake bali kozi yake. Gadi anayesomea umeme ni wa kuombewa afya, kwa maana atakaa msimu mmoja zaidi. Lakini uhandisi una atachimenti, na atachimenti ikifika mchezaji yuko kiwandani Thika au Athi River, si uwanjani. Wapo makocha waliowahi kujikuta na wachezaji saba siku ya mechi, wawili wakiwa na kifundo kibovu. Mashabiki humlaumu kocha kwa kutobadilisha wachezaji. Abadilishe nani?

Ya tatu ndiyo inayotoa mishipa ya shingo. Je, ulinzi wa kikanda ni hekima au ni uvivu? Wenye umri mkubwa, wengi wao walimu wastaafu waliocheza enzi za viatu vya raba, hushikilia ulinzi wa mtu kwa mtu. Kwao msichana akipitwa ajue amepitwa na nani. Vijana huwajibu kwa adabu ya Mlimani, ile ya kumwita mtu mzee wangu kabla ya kumkatalia kila alichosema: mzee wangu, kwa heshima, senta wao ana futi sita na mbili, wetu ana tano na tisa, ukimwacha peke yake naye unataka amfanye nini? Mzee hutikisa kichwa. Anasema kimo si hoja, hoja ni kumzuia mpinzani asipate mpira mahali anapoutaka. Kiufundi, mzee yuko sahihi. Kocha yeyote anajua kumkaba senta kabla hajapokea pasi ni rahisi kuliko kumkaba akishapokea. Tatizo ni kwamba ustadi huo haufundishwi kwa saa mbili za Ijumaa jioni, na kwa timu nyingi saa mbili za Ijumaa jioni ndiyo wiki nzima.

Hapo ndipo sisi tunapoingilia mabishano. Mashabiki wanamjadili kocha kana kwamba ni mtu aliyeajiriwa kuwa kocha. Katika vyuo vyetu vingi vya umma, anayesimama kando ya timu ya wasichana ni ofisa wa michezo mwenye mpira wa wavu, riadha na hoki mikononi vilevile, au ni mhitimu wa juzi anayelipwa posho kwa sababu alikuwa mchezaji mzuri na hajapata kazi. Anafanya kazi kwa mapenzi. Hana msaidizi, hana mtu wa kurekodi takwimu, hana picha za video za mpinzani. Mpira wa wanawake ni namba 6, mdogo na mwepesi kidogo kuliko namba 7 ya wanaume. Stoo ikiwa na namba 7 pekee, wasichana hufanya mazoezi kwa mpira mmoja na kushindana kwa mwingine, halafu jukwaani mtu anauliza kwa nini mitupo ya mbali inapita juu ya ringi. Uwanja uko nje. Mvua ya Aprili ikianza, saruji inateleza na mazoezi yanahamia kwenye ukumbi wa chakula, kama wapishi wamekubali. Julai, baridi ya majira ya gathano inauma vidole kiasi kwamba kudaka pasi kali ni adhabu. Kocha wa namna hii akimaliza msimu akiwa wa pili au wa tatu katika kanda amefanya kazi kubwa, na jioni ileile atasikia akiitwa mzembe.

Hatusemi asikosolewe. Tunasema akosolewe kama kocha baada ya kufanywa kocha.

Mfano wa jinsi inavyowezekana tunao, na una jina la Kikenya ndani yake. Felmas Koranga, mchezaji wa timu ya taifa letu, alichezea Chuo Kikuu cha Troy katika jimbo la Alabama, Marekani, kinachocheza kwenye kanda iitwayo Sun Belt. Kocha wake, Chanda Rigby, aliichukua timu ile mwaka 2012, mwaka uleule Kimathi ilipopata hati. Timu aliyoikuta haikuwa tishio kwa mtu. Ubingwa wa kanda ulikuja katika msimu wake wa nne, mwaka 2016, ukarudi 2017, ukaja tena 2021. Katika mashindano ya kitaifa ya 2021 Troy, iliyopangwa ya 15 katika kundi lake, iliisukuma Texas A&M, iliyopangwa ya pili, hadi ikabidi ishinde kwa pointi nne tu, 84 kwa 80. Machi 2022 Troy ilifika tena fainali ya kanda, ikalazwa na UT Arlington, na tiketi ya kitaifa ikaenda kwa mshindi.

Unaweza kukisia mashabiki wa Troy walivyobishana baada ya hapo. Ni swali lilelile letu: msimu hupimwa kwa miezi ya ligi au kwa siku chache za mchujo? Mtu akikimbia mbele ya wenzake tangu Januari kisha akateleza jioni moja ya Machi, kocha ameshindwa au bahati imeamua? Tofauti ni kwamba kule swali linaulizwa kuhusu kocha aliyepewa muongo mzima na timu moja. Misimu mitatu ya kwanza bila taji haikumwondoa. Kwa hesabu ya chuo, misimu minne ni kizazi: wale aliowapokea wakiwa wapya ndio waliomaliza. Sisi huku humhukumu kocha kwa wasichana aliorithi, kisha tunambadilisha wakati wale aliowaleta mwenyewe wanaanza kujua jina la mchezo.

Kuna watakaosema Marekani ina fedha na kwa hiyo haitufundishi kitu. Tunawarudisha mwaka 1972, mwaka wa Kimathi. Machi mwaka ule vyuo vya Marekani vilifanya mashindano yao ya kwanza ya kitaifa ya mpira wa vikapu kwa wanawake chini ya chama kipya cha michezo ya wanawake vyuoni. Bingwa alikuwa Immaculata, chuo kidogo cha wasichana cha masista wa Kikatoliki huko Pennsylvania. Ukumbi wao wa michezo ulikuwa umeungua. Kocha Cathy Rush alilipwa dola 450 kwa mwaka wake wa kwanza. Ili kupata nauli ya kwenda Illinois wachezaji waliuza miswaki, na hata hivyo fedha zilitosha wachezaji wanane tu. Masista walikuwa wakipiga ndoo kwa vijiti jukwaani. Walitwaa ubingwa mwaka ule, wakautetea 1973 na 1974. Mtu wa Nyeri akisoma habari hiyo hahitaji mkalimani, maana ni harambee tupu, pamoja na ndoo.

Juni mwaka huohuo Rais Nixon alitia sahihi sheria ya elimu ambayo kifungu chake cha tisa kilikataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Kifungu chenyewe ni sentensi moja na hakitaji michezo popote. Lakini wanasheria na wazazi walikisoma, wakauliza: ikiwa wavulana wanalipiwa karo kwa kucheza, wasichana je? Kutoka hapo zikaja karo za wanamichezo wa kike ambazo leo zinawapeleka wasichana wa Kenya Alabama na kwingineko. Wangari Maathai, binti wa Ihithe hapa Tetu, alisoma katika chuo cha wasichana cha Atchison, Kansas, kati ya 1960 na 1964. Enzi zake mlango uliofunguliwa ulikuwa wa akili. Wa mwili ulikuwa bado umefungwa, hata kwa Wamarekani wenyewe.

Sheria ile ilileta pia kitu ambacho wachache hukitaja wanapoisifu. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake katika vyuo vya Marekani zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoingia na kazi ya kocha ikawa na mshahara wa maana, wanaume waliitaka, na kwa miaka mingi sasa wanawake wamekuwa chini ya nusu ya makocha hao. Tunalitaja hili kwa makusudi. Huku kwetu tumeanzia mahali ambapo wao walifikia. Timu ya taifa iliyowalaza Misri jijini Kigali mwaka 2021 na kufuzu kwa fainali za Afrika za Yaoundé ilinolewa na George Mayienga. Timu ya wanawake ya KPA, Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa Anthony Ojukwu. Ni makocha wazuri na hatuwaombei mabaya. Lakini Kenya ilipeleka timu ya wanawake kwenye mashindano ya dunia huko Australia mwaka 1994. Ni zamani sasa. Wachezaji wa kizazi kile na vilivyofuata wangetosha kujaza mabenchi ya ufundi ya vyuo vyote saba vya Mlima. Wengi hawajaonekana kwenye benchi hata moja. Msichana anayeanza mwaka wa kwanza Kimathi au Embu anaweza kucheza miaka minne bila kumwona mwanamke akipanga mchezo kwa kalamu ubaoni.

Kuhusu fedha, Mlima hauna haki ya kulia umaskini. Benki ya Equity ilizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1984, ikiwa jumuiya ya akiba ya kujengea nyumba. Leo timu yake ya wanawake ni miongoni mwa timu kubwa za mpira wa vikapu nchini. Akiba za wakulima wa chai wa miteremko hii ndizo zilizoanzisha safari iliyoishia kuwalipa wasichana kucheza, ila wanachezea Nairobi. Mchezaji bora wa Mlimani akimaliza shule ya upili hupanda matatu kushuka Thika Road, kwa kuwa huko ndiko vyuo vya binafsi kama Zetech na USIU hutafuta wachezaji na kuwapunguzia karo. Mashabiki wetu huwaita wasichana hao wasaliti. Ni neno kali kwa mtoto aliyeambiwa na mtu mmoja, karo yako nimelipa, na mwingine akamwambia, karibu, lete karo.

Hapa wahariri wenyewe hatukubaliani, na hatuoni sababu ya kuficha. Baadhi yetu wanaamini vyuo vya umma vingetenga nafasi chache za karo kwa wachezaji wa kike, tano kwa kila chuo, na kiwango cha kanda kingepanda ndani ya miaka miwili. Wengine wanaona jambo hilo lingegeuza timu ya wanafunzi kuwa timu ya vibarua wenye vitabu, na kwamba raha ya mechi zetu ni kumjua gadi kama binti anayekaa nyuma ya darasa la hisabati. Mabishano hayo yaliendelea mezani hadi chai ikapoa. Yule aliyesema la mwisho alikumbusha kwamba Catherine Ndereba, binti wa Nyeri aliyeshinda marathoni ya Boston mara nne na ubingwa wa dunia mara mbili, alikuwa na ajira ya Idara ya Magereza. Hakuna aliyemwita kibarua. Mtu alimpa kazi iliyomruhusu kukimbia, naye akakimbia. Na mkimbiaji ana nafuu moja, barabara ni ya bure. Mpira wa vikapu unadai uwanja, wenzake wanne wa kucheza nao, watano wengine wa kushindana nao mazoezini, na mtu mzima wa kuwaangalia wote kumi kwa jicho moja.

Tumerudi kwa kocha, na hatukupanga. Kila njia ya mabishano haya inatoka kwake na kurudi kwake.

Basi ombi letu la jubilei, kwa Kimathi kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa wa kundi, kisha kwa wale sita. Chuo kimoja kianze kwa kumwajiri kocha wa timu ya wasichana kwa mkataba wa miaka minne, kazi yake ikiwa hiyo tu, na kiandike ndani ya mkataba kwamba hataondolewa kwa msimu mmoja mbaya. Gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja. Msaidizi wake awe mwanamke aliyecheza, alipiwe kozi za ukocha za shirikisho, na ajulikane tangu mwanzo kwamba anaandaliwa kurithi. Tunajua vyuo vya umma vina madeni, na kuna wahadhiri wanaodai. Lakini bajeti ya sherehe za jubilei ilipatikana, mahema yakakodiwa, na hakuna aliyeuliza kama nchi ina hali ngumu.

La pili ni la ratiba. Leo kanda huamuliwa mara nyingi kwa wikendi chache za kukutana mahali pamoja, timu inacheza mara mbili kwa siku, na shabiki aliyeko kwao huishia kusikia matokeo kwa simu. Vyuo saba vilivyozunguka mlima mmoja vinaweza kucheza nyumbani na ugenini. Ni mechi 12 kwa kila timu, sita mbele ya watu wake. Kocha akiwa na mechi 12 anaweza kukosea mbili na kujifunza. Akiwa na siku tatu, kosa moja ndilo msimu. Mabishano yetu nayo yangepata chakula bora, kwa sababu shabiki aliyeitazama timu mara sita nyumbani hasemi upuuzi kwa urahisi kama aliyeiona mara moja.

La tatu ni kwa mashabiki wenyewe, warithi wa wale waliochanga 1972. Mnajua bei ya kila kitu katika mchezo huu isipokuwa bei ya nyavu, ambazo kwenye ringi kadhaa za Mlimani hazipo, hata inabidi refa akisie kama mpira umepita ndani au nje. Kila mwaka mnachangishana kwa arusi na mazishi kwa mpango wa kusifiwa, na mweka hazina hajawahi kukosekana. Kamati ya aina hiyo, yenye daftari na namba ya M-Pesa, ingeweza kununua nyavu, mipira kumi ya namba 6 na taa mbili za uwanjani kabla mvua ndefu hazijaanza. Mkishanunua, mkalie viti vya mbele na kumwambia kocha chochote mnachotaka.

Na walio na jukumu la kupanga mechi za mwaka ujao watangaze tarehe mapema, Januari ikiwezekana, ili wenye atachimenti waombe ruhusa na wazee wa ulinzi wa mtu kwa mtu wapate kupanga siku zao za kuchuma kahawa.